Uchambuzi: Angella Okutoyi na ngazi ya tenisi isiyopandwa kwa ushindi pekee

RUBAVU – Mwezi Julai 2022, katika viwanja vya nyasi vya Wimbledon, wasichana wanne walikutana katika fainali ya chipukizi ya wachezaji wawili wawili. Upande mmoja wa wavu walisimama Angella Okutoyi wa Kenya na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Upande wa pili walikuwapo Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko. Okutoyi na mwenzake walipoteza seti ya kwanza kwa 3-6, wakashinda ya pili kwa 6-4, kisha wakahitimisha kazi kwa 11-9 katika mchezo mfupi wa kuamua mshindi. Kenya ikawa imepata bingwa wake wa kwanza katika mashindano makuu ya Grand Slam.

Miaka mitatu baadaye, Agosti 2025, mmoja wa walioshindwa siku ile alinyanyua kombe la Canadian Open mjini Montreal. Victoria Mboko, akiwa na umri wa miaka 18, alimshinda Naomi Osaka katika fainali baada ya kuwa amekwisha kuwatoa mabingwa wengine watatu wa Grand Slam: Sofia Kenin, Coco Gauff na Elena Rybakina. Alimaliza mwaka akiwa miongoni mwa wachezaji 20 bora duniani. Okutoyi, kwa upande wake, alikuwa amechukua njia ya masomo katika Chuo Kikuu cha Auburn, jimboni Alabama nchini Marekani, na jina lake katika orodha ya ubora ya WTA lilibaki mbali na wale 100 wa kwanza.

Tofauti hiyo haielezwi na kipaji pekee, wala haielezwi na bahati pekee. Sehemu yake kubwa imo katika namna tenisi ya kulipwa inavyouhesabu ubora. Orodha ya WTA hupima ushindi wa mchezaji, lakini hupima pia ni wiki ngapi kwa mwaka mchezaji huyo anamudu kusafiri kwenda kuutafuta ushindi wenyewe. Kwa msichana anayeanzia Afrika Mashariki, kipimo hicho cha pili mara nyingi humkwamisha kabla cha kwanza hakijapata nafasi ya kumpima.

Mjini Rubavu, ambako wengi bado hupaita Gisenyi, michezo si jambo geni. Uwanja wa Umuganda ni nyumbani kwa timu za soka za Etincelles na Marines, na mwaka 2019 ufukwe wa Ziwa Kivu ulipokea mashindano ya kimataifa ya voliboli ya ufukweni. Tenisi imebaki mchezo wa wachache. Hata hivyo, fainali ile ya Wimbledon iko karibu na mji huu kuliko inavyodhaniwa. Okutoyi ni mtoto wa Nairobi ambaye sehemu ya malezi yake ya kimichezo aliipata Bujumbura. Na wazazi wa Mboko walihamia Amerika Kaskazini kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi ambayo mpaka wake wakazi wa Rubavu huufikia kwa miguu. Kati ya wasichana wanne wa siku ile, wawili wana nasaba na ukanda huu. Mmoja alilelewa kimchezo na shirikisho tajiri la nchi tajiri, na mwingine hakulelewa hivyo.

Kutoka Nairobi hadi Bujumbura na Casablanca

Okutoyi alizaliwa Januari 2004 jijini Nairobi, yeye na pacha wake. Mama yao alifariki dunia baada ya kujifungua, na watoto hao wakalelewa na bibi yao, aliyekuwa mfanyakazi katika shule ya Loreto Convent. Ni katika mazingira ya shule za aina hiyo, zenye viwanja ambavyo familia ya kawaida ya Nairobi isingeweza kuvilipia, ndipo Angella aliposhika raketi akiwa bado mtoto mdogo.

Alipokuwa na umri wa takriban miaka 10 alipata nafasi katika kituo cha mafunzo cha Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, mjini Bujumbura. Kituo hicho kilikuwa kimbilio la chipukizi wa ukanda wa Maziwa Makuu na Afrika Mashariki ambao nchi zao hazikuwa na uwezo wa kuwapa makocha wa kudumu, lishe na mashindano. Machafuko ya kisiasa yaliyoikumba Burundi mwaka 2015 yaliukatiza mpango huo, na Okutoyi akarejea Kenya. Baadaye alipata nafasi nyingine katika kituo cha ITF na Shirikisho la Tenisi la Afrika huko Casablanca, Morocco.

Historia hiyo fupi ina fundisho ambalo takwimu za mashindano haziwezi kulionyesha. Mchezaji wa Ulaya au Amerika Kaskazini hufundishwa karibu na nyumbani. Mchezaji wa ukanda huu hulazimika kuhama, na nafasi yake ya kuendelea hutegemea mambo yasiyomhusu hata kidogo: utulivu wa nchi nyingine, bajeti ya shirikisho la kimataifa, na idadi ya vitanda katika bweni lililo mbali na kwao.

Mrundi Sada Nahimana, aliyezaliwa mwaka 2001, aliifuata njia hiyo hiyo ya Bujumbura na Casablanca, na amewahi kuingia ndani ya wachezaji 300 bora wa WTA. Mafanikio yake na ya Okutoyi yanaonyesha kwamba vituo hivyo huzaa matunda pale vinapopewa muda. Yanaonyesha pia udhaifu wao: humfikisha mchezaji hadi mwisho wa umri wa chipukizi, yaani miaka 18, halafu mlango unaofuata anatakiwa kuufungua mwenyewe.

Okutoyi aliufikia mlango huo akiwa na rekodi nzuri. Januari 2022, huko Melbourne, alikuwa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya chipukizi katika Grand Slam, alipomtoa Federica Urgesi wa Italia katika seti tatu. Alishinda pia mechi ya pili kabla ya kusimamishwa na Lola Radivojević wa Serbia. Miezi sita baadaye likaja kombe la Wimbledon, katika mashindano yaleyale ambayo Ons Jabeur wa Tunisia alifika fainali ya wanawake. Kwa wiki mbili hizo, ilionekana kana kwamba tenisi ya wanawake wa Afrika imefunguka pande zote mbili, kaskazini na mashariki.

Hesabu ya alama na ya fedha

Kilichofuata hakikuonyeshwa kwenye televisheni. Alama za chipukizi hazihamishiwi kwenye orodha ya watu wazima. Bingwa wa chipukizi wa Wimbledon huanza upya karibu na sifuri, na huanzia kwenye ngazi ya chini kabisa ya mashindano ya ITF.

Ngazi hizo hujulikana kwa herufi W na namba: W15, W35, W50, W75 na W100. Namba hizo huonyesha alama anazopata bingwa. Katika W15, mchezaji anayeshinda mechi tano mfululizo na kutwaa kombe hupata alama 15. Jumla ya zawadi kwa wachezaji wote wa mashindano hayo ni dola 15,000 za Marekani. Bingwa huondoka na zaidi kidogo ya dola 2,000 kabla ya kodi, na aliyetolewa katika raundi ya kwanza hupata kiasi kisichofika dola 200. Nauli ya ndege, chumba, chakula na ukarabati wa raketi hutoka mfukoni mwake.

Sasa linganisha na kileleni. Mwaka 2025, mchezaji aliyepoteza mechi yake ya kwanza ya mchezaji mmoja mmoja katika Wimbledon ya watu wazima alilipwa pauni 66,000. Katika US Open ya mwaka huohuo, aliyepoteza raundi ya kwanza alipata dola 110,000. Mbali na fedha hizo, kushindwa huko kulimpa alama 10 za WTA. Kwa maneno mengine, kupoteza mechi moja kileleni kuna thamani inayokaribia ile ya kushinda mechi tano mfululizo chini kabisa, na kwa upande wa fedha tofauti haina hata mfano.

Utafiti wa ITF kuhusu msimu wa 2013 uliweka hali hiyo katika tarakimu. Ulibaini kwamba mchezaji wa kike alihitaji kuwa karibu na nafasi ya 253 duniani ili zawadi zake zilingane na gharama zake za kawaida, na hesabu hiyo haikuhusisha malipo ya kocha. Asilimia moja ya wachezaji wa kike walioongoza ndiyo iliyochukua asilimia 51 ya zawadi zote za fedha. Tangu hapo zawadi za mashindano makubwa zimepanda sana, lakini umbo la ngazi halijabadilika: vidato vya chini bado vinamgharimu anayevipanda.

Kwa hiyo mchezaji aliye katika nafasi ya 500 si mchezaji mbovu anayestahili kulaumiwa kwa kukosa bidii. Ni mmoja wa wanawake 500 bora duniani katika mchezo unaochezwa karibu kila nchi. Katika fani nyingine nyingi, cheo hicho kingempa mtu mshahara, nyumba na heshima. Katika tenisi humpa deni.

Tiketi ya Paris

Hakuna tukio linaloonyesha mkwamo huo waziwazi kama lile la mwaka 2024. Mwezi Machi, mjini Accra, Okutoyi alitwaa medali ya dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika, akimshinda Lamis Alhussein Abdel Aziz wa Misri katika fainali ya seti tatu. Misri ni miongoni mwa mataifa yenye mizizi mirefu ya tenisi barani, na ushindi huo haukuwa wa bahati nasibu.

Dhahabu hiyo ilikuwa na zawadi kubwa nyuma yake: nafasi ya bara la Afrika katika Olimpiki ya Paris. Lakini kanuni ilikuwa na sharti. Mshindi alitakiwa awe ndani ya wachezaji 400 bora wa WTA kufikia tarehe 10 Juni 2024. Okutoyi hakuwamo. Kutoka Accra hadi tarehe hiyo palikuwa na chini ya miezi mitatu, na medali yenyewe haikuwa na alama za WTA. Alikuwa ameshinda mashindano yaliyompa tiketi, lakini si yale yaliyoipa tiketi hiyo uhalali. Paris ikafanyika bila yeye.

Waliotunga sharti hilo wana hoja. Olimpiki ya tenisi ina nafasi chache, na waandaaji hawataki mechi za upande mmoja zinazomdhalilisha mchezaji dhaifu. Hata hivyo, nafasi ya bara ilibuniwa kwa sababu wachezaji wa Afrika hawana njia ya kawaida ya kupanda katika orodha. Kuwarudishia orodha ileile kama sharti la mwisho ni sawa na kumpa mtu ngalawa ili avuke ziwa, kisha kumtaka kwanza aogelee hadi ng'ambo.

Visa, ndege na siku 18

Fedha si kikwazo pekee. Mashindano mengi ya ITF hufanyika Ulaya, na usajili wake hufungwa takriban siku 18 kabla ya wiki ya mashindano. Ombi la visa ya nchi za Schengen kwa kawaida huchukua hadi siku 15 kushughulikiwa, na linaweza kurefushwa hadi siku 45. Mchezaji mwenye pasipoti ya Kanada hajui hesabu hiyo. Akishindwa mapema Ureno Jumanne, anaweza kuwa Uhispania Ijumaa. Mwenye pasipoti ya Kenya, Rwanda, Burundi au Kongo lazima aipange safari yake kabla hajajua kama atakubaliwa kushiriki, na akikosea wiki moja hukosa mwezi mzima.

Ndiyo maana wachezaji wengi wa Afrika huishia kukaa mahali pamoja, hasa Monastir nchini Tunisia au Sharm El Sheikh nchini Misri, ambako mashindano madogo hufanyika wiki baada ya wiki. Huko Okutoyi naye amecheza sana. Faida yake ni kwamba nauli hulipwa mara moja tu. Hasara yake ni kwamba wachezaji kutoka pembe zote za dunia wamekwisha kuigundua hesabu hiyohiyo, na hivyo msichana wa Nairobi hukutana na Warusi, Wachina, Wafaransa na Wajapani waliokuja kuwinda alama zilezile 15.

Orodha ya WTA ina ukali mwingine. Alama hudumu wiki 52 tu. Mchezaji aliyeugua, aliyeumia au aliyekosa nauli hashuki kwa sababu ameshindwa. Hushuka kwa sababu kalenda imesonga mbele na yeye amebaki nyumbani. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki kina tundu chini yake.

Faida ya kuchezea nyumbani

Safari ya Mboko mwaka 2025 ilianza katika ngazi hizohizo za chini. Alianza mwaka akiwa nje ya wachezaji 300 bora, na akashinda mechi 22 mfululizo za ITF. Hakuna shirikisho linaloweza kumnunulia mchezaji ushindi wa mechi 22. Huo ni uwezo wake mwenyewe, na ni haki kuutambua bila kuupunguza.

Lakini inafaa pia kutazama kilichomwezesha kuzicheza mechi hizo na kilichokuwa kikimsubiri mwishoni. Tenisi Kanada, shirikisho la nchi hiyo, ndilo linaloandaa Canadian Open, na mapato ya mashindano hayo hugharimia maendeleo ya wachezaji wake. Mboko aliingia katika mashindano ya Montreal kwa nafasi ya mwaliko, ambayo mwenyeji huwapa wachezaji anaowataka. Nchi inayomiliki mashindano makubwa inamiliki pia milango yake. Mtoto wa wahamiaji kutoka Kongo aliupita mlango huo kwa sababu wazazi wake walihamia upande wenye milango.

China inatoa mfano wa namna nyingine. Li Na alipotwaa French Open mwaka 2011, alikuwa Mwasia wa kwanza kushinda Grand Slam ya mchezaji mmoja mmoja, na mwaka 2024 Zheng Qinwen alileta dhahabu ya Olimpiki kutoka Paris. Majina hayo mawili yanajulikana. Yasiyojulikana ni ya makumi ya wanawake wa China walio kati ya nafasi ya 150 na ya 600, ambao hawatacheza kamwe fainali kubwa, lakini huishi kwa tenisi. Nchi yao huandaa mashindano mengi ya ITF katika miji yake, na majira ya vuli huwa na msururu wa mashindano ya WTA Beijing, Wuhan, Ningbo na Guangzhou. Timu za majimbo huwa na wachezaji wao. Mchina wa nafasi ya 400 anaweza kukusanya alama nyingi bila kuomba visa hata moja. Zheng Qinwen mmoja husimama juu ya msingi wa wachezaji wengi wa daraja la kati, na msingi huo hujengwa kwa mashindano madogo ambayo hakuna anayeyatangaza.

Je, chuo kikuu ni kukata tamaa?

Okutoyi alipoelekea Auburn, baadhi ya mashabiki waliona ni mwisho wa ndoto. Hoja yao haikosi msingi. Mechi za vyuo vikuu hazina alama za WTA, na msimu wake mkuu hula miezi ya Januari hadi Mei. Kwa muda mrefu kanuni za michezo ya vyuo vya Marekani ziliwawekea pia wanafunzi mipaka mikali katika kupokea zawadi za fedha.

Lakini kuna upande wa pili. Ufadhili wa chuo humpa mchezaji yale ambayo orodha ya dunia humnyima: kocha, daktari, chakula, uwanja na wapinzani wazuri, bila deni, pamoja na shahada mkononi. Mmisri Mayar Sherif alipitia Chuo Kikuu cha Pepperdine, California, kisha mwaka 2022 akawa mwanamke wa kwanza wa Misri kutwaa taji la WTA la mchezaji mmoja mmoja, huko Parma, na baadaye akapanda hadi nafasi ya 31. Mmarekani Emma Navarro alikuwa bingwa wa vyuo mwaka 2021 na akafika nusu fainali ya US Open mwaka 2024. Njia hiyo ni ndefu, lakini haijafungwa.

Ni lazima pia kukiri jambo jingine kwa uaminifu. Siku ya fainali ya Wimbledon, Okutoyi alikuwa na miaka 18 na Mboko hajatimiza 16. Mkanada huyo alikuwa akicheza na wakubwa wake kwa umri, na hakuna anayeweza kudai kwamba fedha sawa zingewafikisha mahali pamoja. Hoja ni nyingine. Uwezo wa Mboko ulipata nafasi ya kupimwa hadi mwisho wake. Uwezo wa Okutoyi bado haujapimwa hivyo, na asipoupata msimu kamili wa mashindano, hakuna atakayeujua kikomo chake, hata yeye mwenyewe.

Kinachoweza kufanywa katika ukanda huu

Rwanda imeonyesha kwamba inaweza kuandaa michezo mikubwa. Septemba 2025, Kigali ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli. Katika tenisi, mwaka 2024 jiji hilo liliandaa kwa mara ya kwanza mashindano ya ATP Challenger. Wachezaji kutoka Ulaya na Amerika Kusini walifunga safari hadi Kicukiro kutafuta alama, na kwa mara moja safari ngumu ikawa ya wengine.

Challenger, hata hivyo, ni mashindano ya wanaume. Tukio la hadhi kama hiyo kwa wanawake bado halijawa sehemu ya kalenda ya Kigali. Mashindano ya WTA barani Afrika yamekuwa Kaskazini, Rabat na Monastir. Nairobi imeandaa mashindano ya ITF ya wanawake katika miaka ya karibuni, na hiyo ni hatua ya maana, ingawa mji mmoja hautoshi kumjengea mchezaji msimu.

Hesabu yake si ya kutisha. Wiki tatu mfululizo za W15 zina jumla ya dola 45,000 za zawadi, pamoja na gharama za waamuzi, mipira na viwanja. Ikiwa Nairobi, Kampala, Kigali na Bujumbura zingepanga wiki zao zifuatane, mchezaji wa ukanda huu angeweza kusafiri kwa basi kwa muda wa miezi miwili, akila chakula alichokizoea, akicheza katika mwinuko aliouzoea, bila kupanga foleni katika ubalozi wowote. Kila mwenyeji angekuwa na nafasi za mwaliko kwa wasichana wake. Miaka ya kwanza wengi wao wangepoteza mapema. Ndivyo ilivyokuwa hata China.

Kwa mzazi wa Rubavu ambaye binti yake anapenda mchezo, swali si iwapo mtoto huyo atacheza Wimbledon. Swali lake ni la kawaida zaidi na la haki zaidi: je, akiwa na bidii na kipaji, kuna kidato cha pili baada ya cha kwanza? Katika soka na voliboli, jibu limeanza kupatikana mjini hapa. Katika tenisi ya wanawake, jibu kwa sasa ni kwamba kidato hicho kipo, lakini kiko Monastir, au Alabama.

Okutoyi amekwisha kufanya sehemu iliyo ndani ya uwezo wake. Amewashinda waliolelewa vizuri kuliko yeye, katika viwanja vya Melbourne, Wimbledon na Accra. Kuelekea Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028, lililobaki haliko mikononi mwake peke yake. Litaamuliwa katika ofisi za mashirikisho, wizara na wafadhili wa ukanda huu, watakapoketi kupanga bajeti na kuchagua iwapo fedha zilizopo zitaishia katika sherehe za kumpokea bingwa uwanja wa ndege, au zitatumika kumlipia wiki ishirini za mashindano ambazo bingwa huyo anazihitaji baada ya sherehe kwisha.